Kikohozi cha Wageni

Mama yangu alikuwa na kikohozi cha wageni. Kifua chake kilikuwa kizima kabisa, lakini akitupeleka kwa watu na chakula kikaletwa, alikaa pembeni akitutazama, na akiona tumekula kiasi kisichomwaibisha, alikohoa mara moja tu, kikavu. Basi. Hata kama nyama ndiyo kwanza imegusa midomo, mikono yote ilirudi, tukasema tumeshiba, Mungu awazidishie. Njiani kurudi nyumbani tulilia njaa, naye alituambia afadhali kulala njaa kuliko kusemwa. Hivyo ndivyo tulivyolelewa kwetu mjini Baraka, ng'ambo ya ziwa, na mimi nilijivunia malezi hayo mpaka nilipoyaleta Ujiji na kumpa mwanangu.

Tulivuka miaka ile ya vita, maboti yalipokuwa yakishusha watu Kibirizi tangu asubuhi mpaka jioni. Mimba yangu ilikuwa imekomaa. Nilikuwa na mtoto wa kiume wa miaka kama mitano, na wa kike ambaye bado maneno yalikuwa yakimshinda. Wengi tuliokuja nao walipakiwa kwenye malori kwenda kambini, huko juu Kasulu. Sisi mume wangu alituongoza Ujiji, kwa shangazi yake, dada wa baba yake, mjane aliyeolewa huko tangu usichana na sasa alikuwa akiishi na wajukuu zake wawili wa kike. Hatukuwa na ruhusa ya kukaa mjini. Lakini Ujiji kila nyumba ya pili ina ndugu ng'ambo, na mgeni aliyekaa ndani kwa adabu zake hakuna wa kumpigia kelele.

Shangazi alinitazama tumbo, akasema, "Huyu haendi popote." Hazikupita siku nyingi nikajifungua chumbani mwake, mikononi mwake, mtoto wa kiume mwenye sauti ya kuamsha mtaa.

Mume wangu alipanda mtumbwi kwenda Mwamgongo kutafuta kazi kwa wavuvi wa dagaa. Kabla hajaondoka tulikubaliana kwamba arobaini yangu ikiisha tutakwenda kujiandikisha kambini kama wenzetu. Kabla ya hapo, hapana. Habari za kambini zilikuwa zimetufikia, mahema ya plastiki, baridi ya milimani, mvua inaingia chini ya kitanda, kama kitanda kipo. Kichanga kile nikipeleke huko? Kwa hiyo nilichokuwa nakitaka duniani kilikuwa kimoja tu, shangazi asituchoke kabla ya arobaini. Nililala nalo hilo na kuamka nalo.

Sasa mtu aliyezoea kupika kwake, halafu akalazwa chumbani kwa watu anapikiwa, ataelewa ninachosema. Niliona aibu kila dakika. Asubuhi shangazi alikuja na sufuria la maji ya moto yaliyochemshwa na majani, akanikanda tumbo na mgongo, akanifunga kanga kiunoni kwa nguvu mpaka nikaguna. Kisha uji wa pilipili manga. Mchana samaki, mgebuka wa kuchemsha wenye ndimu, mkubwa, mimi peke yangu. Alisimama mlangoni mpaka niumalize. "Maliza, mkwe. Maziwa hayatoki kwenye hewa." Nikitaka kuacha kipande nimpe mwanangu, alinipiga jicho, nikameza. Nguo zangu za uzazi alizifua yeye, mwanamke mwenye umri wa mama yangu, na mimi nimelala nasikiliza anavyozipiga kwenye beseni. Nilikuwa najifanya nimesinzia ili nisikutane naye macho.

Watoto wangu walikula uani pamoja na wale wajukuu, sinia moja, ugali wa muhogo na sombe, majani ya muhogo yaliyotwangwa, yenye mawese, siku nyingine dagaa. Mlango wa chumba changu ulikuwa na pazia tu, na kupitia upenyo wake niliwaona vizuri. Ee Mungu wangu, mwanangu alivyokuwa anakula! Tulikuwa tumetoka kwenye njaa ya njiani, na yeye alikuwa anafidia. Anakata tonge kubwa kuliko ngumi yake, anachovya, bado hajameza mkono umesharudi kwenye sinia. Wale wasichana walikuwa wanamtazama na kucheka. Hawakucheka kwa ubaya, lakini mimi masikio yaliwaka moto.

Halafu siku moja nikamsikia shangazi jikoni akimwuliza mjukuu wake, "Unga umekwisha tena?"

Ni hayo tu aliyosema. Lakini ukiwa unakaa kwa watu, neno "tena" linakuingia. Nililigeuza kichwani mchana kutwa. Jioni nikamwita mwanangu ndani, nikamshika bega, nikamwambia kwa sauti ya chini, "Baba, hapa si kwetu. Ukinisikia nakohoa, toa mkono, sema nimeshiba, bibi, ahsante. Umesikia? Hata kama hujashiba. Ukinifedhehesha watatupeleka kule kwenye mahema na mdogo wako atakufa kwa baridi."

Ndiyo, hilo la mwisho nililisema, kwa mtoto wa miaka mitano. Akanitazama mimi, akamtazama mdogo wake kitandani, akaitikia kwa kichwa.

Kesho yake nikakohoa nyuma ya pazia, kimoja, kikavu. Mkono wake ulikuwa njiani kuelekea kwenye sinia. Ukasimama, ukarudi. "Nimeshiba, bibi, ahsante." Shangazi akashangaa. "Tayari? Ala, huyu mtoto kafundishwa!" Akamsifu mbele ya wajukuu zake, na mimi kule ndani nikavimba kichwa, nikaona hata kama tumekuja na vitenge viwili, adabu tumekuja nayo. Binti yangu yeye hakujua kikohozi wala nini. Tumbo lake halikuwa na habari za ukimbizi, alikula mpaka akalala palepale kwenye mkeka. Nilimwacha, nikasema huyu ni mdogo, atasamehewa. Mzigo wote nikautwika kwa kaka yake.

Nilikuwa nakadiria. Siku za mboga nyingi nilichelewa kukohoa, siku za mboga kidogo niliwahi. Nilijiona mama mwenye akili.

Kisha nikapata mafua.

Ulikuwa msimu wa upepo wa ziwani, ule unaoingia mpaka kwenye mifupa, na jiko la shangazi lilikuwa linapakana na chumba changu, moshi wote unakuja kwangu. Kifua kikabana. Nilikohoa asubuhi, nikakohoa mchana, nikakohoa nikinyonyesha mpaka mtoto anaachia ziwa. Shangazi alinichemshia tangawizi, akanisugua mafuta ya mawese ya moto kifuani. Nilikuwa nimezidiwa, pazia silitazami tena. Nilisikia vyombo uani, nikasikia "nimeshiba, bibi, ahsante", nikajigeuza upande wa pili. Wallahi sikufikiri. Mimi kikohozi cha mafua nilikijua ni cha mafua, nikaona kila mtu anajua.

Mwanangu alikuwa anakaa mbele ya sinia, anakata tonge la kwanza, mama anakohoa, anatoa mkono. Asubuhi hivyo, mchana hivyo, jioni hivyo. Na mimi kule ndani, nimeletewa mgebuka wangu, nimesimamiwa mpaka nimeumaliza. Kichanga kilikuwa kinanenepa, mashavu yamejaa. Watu wawili watatu walioruhusiwa kuingia kuniona walisema, mashaallah, maziwa unayo. Nilikuwa nimeshiba.

Siku moja watoto walikwenda ufukweni na wale wasichana kuosha vyombo. Mchana mweupe, wanawake wamejaa pale, wengine wanageuza dagaa mchangani. Nikasikia sauti za watu wanakuja mbio, na mbele ya zote sauti ya jirani yetu mmoja, mwanamke muuza mawese, ambaye akisema na mtu wa karibu hata wa Mwandiga anasikia. "Jamani! Jamani! Njooni mmuone mtoto wenu!" Nikafungua upenyo wa pazia. Alikuwa amembeba mwanangu begani, miguu inaning'inia, mikono inaning'inia. Alikuwa ameanguka pale ufukweni, sufuria mkononi.

Wakamlaza kwenye mkeka kivulini. Shangazi akamwagia maji usoni, akafungua macho. Muuza mawese akakimbilia kwake, akarudi na kikombe cha uji wenye sukari, akakiweka mdomoni mwa mtoto. Mwanangu akageuza uso. "Nimeshiba, ahsante."

"Ati nini?" yule mama akasema. "Mtoto gani anashiba kabla hajala? Mwangalieni mbavu hizi. Huyu ana njaa, mnampa nini humu ndani?"

Uani palikuwa pamejaa watu sasa. Shangazi alisimama, mikono kiunoni, na nikaona anavyohema. "Mimi? Mimi ndiye mtu wa kumnyima mtoto chakula? Hapa Ujiji nani hajala kwangu? Semeni!" Hakuna aliyeondoka. Nilijua neno hilo litazunguka visimani na sokoni kabla ya magharibi, kwamba yule mjane amechukua watoto wa ndugu zake wakimbizi anawashindisha njaa.

Akapiga magoti kando ya mwanangu. Sauti yake ilishuka. "Baba yangu. Mume wangu mdogo. Mimi bibi yako nakupa chakula kila siku, au sikupi?"

"Unanipa, bibi."

"Kwa nini huli?"

"Nakula. Mama akikohoa naacha."

"Mama akikohoa?"

"Ndiyo. Na mama anakohoa sana."

Mama weee. Ningepewa shimo siku ile ningeingia na mtoto wangu kifuani. Kila uso pale uani uligeukia pazia. Na nikasikia kifua kinanikereketa, kikohozi cha kweli kinapanda, nikajiziba mdomo na kitenge kwa nguvu zangu zote, machozi yakanitoka, kwa sababu niliogopa kukohoa mwanangu asije akaacha uji. Nikashindwa, nikakohoa. Na yeye, na kikombe kiko mdomoni, akafunga midomo.

Mwanamke mmoja akacheka kidogo, kile kicheko cha mtu asiyejua aweke wapi uso wake. Wengine wakaanza kutoka, taratibu.

Sikuruhusiwa kutoka chumbani kabla ya arobaini, lakini nilitoka. Nikasimama mlangoni na kanga yangu ya uzazi, nywele hazijachanwa, mbele ya watu ambao wengi hawakuwa wakijua hata kama nipo. Nikasema, "Kunywa, baba. Kunywa yote. Mama anaumwa tu." Akanitazama vizuri, akihakikisha, ndipo akanywa. Kila funda alinyanyua macho kunitazama. Nikabaki nimesimama pale mpaka kikombe kikaisha.

Jioni shangazi aliingia na maji ya moto kama kawaida. Nilidhani hataingia. Nilishaanza kukunja vitu vyetu, na vilikuwa vichache, vilikunjika upesi. Alinikanda mgongo na tumbo, hakubana zaidi wala hakulegeza. Alipomaliza kunifunga ndipo akakaa ukingoni mwa kitanda.

"Ungenitukana, mkwe wangu, ningeona nafuu," akasema. "Tusi mtu anajibu. Hili nitalijibu kwa nani? Ulidhani nahesabu matonge?"

Hapo ndipo ningeomba radhi. Lakini mimi na mdomo wangu! Aibu kwangu hugeuka hasira, ndivyo nilivyoumbwa. Nikamjibu, "Si wewe uliyeuliza unga umekwisha tena?"

Alikuwa hakumbuki hata kidogo. "Unga? Nilikuwa nauliza nijue kama nitume mtoto dukani! Nilitaka wale!" Akainuka. Mlangoni akageuka. "Rudisha hizo nguo mahali pake. Arobaini yako utaimalizia hapa. Lakini mtoto huyu mkubwa tangu kesho anakula na mimi, jikoni, ambako hakuoni."

Nikazikunjua zile nguo moja moja.

Na ikawa hivyo. Kila mlo alimkalisha kwenye kigoda kando ya mafiga, akampa cha kwanza kutoka chunguni, na ukoko akamkwangulia. Mimi nilikuwa upande wa pili wa ukuta na nilikuwa nasikia. Mwanzo alikuwa anauliza, "Mama hajakohoa?" na shangazi anamwambia, "Mama yako yuko mbali, kula." Mbali! Tulikuwa tumetenganishwa na udongo wa ukuta mmoja. Baadaye akaacha kuuliza. Baadaye nikaanza kumsikia anacheka. Alikuwa anamsimulia bibi yake mambo ambayo mimi sijawahi kuyasikia, jinsi alivyoona maji ya ziwa yamekuwa meusi tulipovuka, jinsi alivyokuwa anaogopa nitajifungulia kwenye boti. Kwangu alikuwa akiingia kwa adabu, anasema shikamoo mama, anamgusa mdogo wake kidole, anasimama wima kama yuko mbele ya mwalimu, anasubiri nimwambie aende. Mwili ulimrudia upesi. Nilifurahi, na furaha yenyewe iliniuma, kwa maana kila nyama iliyoongezeka mwilini mwake ilikuwa inanisema mimi.

Wale wanawake waliokuwepo siku ile walianza kuja. Walileta mabakuli yamefunikwa, kwa shangazi, kwa ajili ya mzazi. Wamejua nipo, na mzazi hatembelewi mkono mtupu. Muuza mawese alileta chupa nzima, akakaa, akanishika mkono, akaniambia na yeye mama yake alikuwa na jicho. "Mama yangu hakukohoa. Alikuwa ananitazama tu, nilikuwa naweza kutema." Akacheka kwa sauti yake ile. Nikajaribu kucheka naye. Nilikula vyakula vyao na aibu ikiwa ndiyo kitoweo, na nilivimaliza, kwa sababu kuacha sasa kungekuwa tusi jingine.

Mume wangu alirudi kutoka Mwamgongo siku za mwisho, amekonda na mikono imechanika kwa kamba, gunia la dagaa mgongoni. Alisimuliwa na shangazi, si na mimi. Hakunigombeza. Aliniuliza tu, "Ulimwambia mdogo wake atakufa?" Nikasema ndiyo.

Arobaini ikaisha. Kichanga kilinyolewa, kikatolewa nje kuonyeshwa jua. Tangazo lilikuwa limeshapita mtaani kwamba wageni wa ng'ambo wakajiandikishe, na mume wangu hakutaka shangazi aingie matatani kwa ajili yetu. Siku ya kuondoka tulitoka na mafurushi mpaka barabarani ambako lori lilikuwa linasubiri, shangazi akiwa amemshika mwanangu mkono. Tulipofika, hakuuachia.

"Niachieni huyu," akasema. "Huko juu mtapata mgao, hamjui wa lini wala wa kiasi gani. Mna kichanga na huyu wa kike. Huyu akae na mimi mpaka mambo yakae sawa. Ni damu yangu."

Mume wangu alinigeukia. Watu walikuwa wanapanda, dereva anapiga honi. Moyo ulisema hapana, na hasira yangu ile ikapanda, nikasema kwa sauti, "Muulize mwenyewe!" Nilisema hivyo kwa kuwa nilikuwa na hakika. Mtoto gani wa miaka mitano anaachwa na mama yake?

Shangazi akainama. "Baba yangu, utakwenda na mama, au utabaki na bibi?"

Mwanangu aliinua uso. Alinitazama mimi. Alinitazama usoni kama alivyofundishwa, macho yanatafuta, anasubiri nimwambie jibu la adabu ni lipi. Nilikuwa nalo pale pale. Ningeinua nyusi tu, angekuja. Angepanda lori kimya, angekaa kambini kimya, na angesema ameshiba mpaka aishe.

Nikageuza uso. Nikamtazama mtu aliyekuwa anafunga kamba za turubai nyuma ya lori, nikamtazama yeye tu, nikahesabu mafundo, mtoto asione chochote kwenye macho yangu. Nilikaa hivyo mpaka nikasikia miguu yake midogo inasogea kwenye kokoto. Ilikuwa inasogea kwenda upande wa shangazi.

Mume wangu alinipokea kichanga ili nipande. Nililia, na wenzangu kwenye lori walidhani naililia nyumba ya Ujiji, wakanibembeleza, wakaniambia huko tuendako nako Mungu yupo. Sikuwasahihisha. Nikampakata kichanga, nikamkalisha wa kike mapajani kwa baba yake, lori likaondoka.